Chai Yenye Uzi

Nyumbani kwetu Ibra mimi ndiye niliyesifiwa ulimi. Si wa kusema, huo hawakuutaka, bali wa kuonja. Mama akipika pilau ataniita jikoni nionje chumvi, na mgeni akileta halua, sahani hupitishwa kwangu kwanza niseme kama samli yake ni ya ng'ombe au ya kopo. Baba alikuwa akiniambia mbele ya watu, "Huyu ukimzidishia punje moja ya hiliki, atakwambia." Watu wanacheka, na mimi navimba kichwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilidhani kusifiwa ni kupendwa.

Wazazi wangu walizaliwa Tabora. Waliingia Oman mama akiwa na mimba yangu, na mpaka leo watu wa rika lao wanaita safari ile kurudi, ingawa mama hakuwahi kuiona Ibra kabla ya siku aliyoshuka garini na mizigo yake. Nje tulisema Kiarabu, ndani Kiswahili. Majirani walituita Wazanzibari, na baba, ambaye hakuwahi kukanyaga Unguja hata siku moja, alichoka kuwasahihisha. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho mtaa mzima ulitukubalia: hawa waliotoka Afrika wamesoma. Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, na barua yoyote ya Kiingereza iliyofika pale Ibra ilipita mikononi mwake. Alitembea kwa heshima hiyo. Hakuwa na shamba kubwa wala ukoo mkubwa nyuma yake, alikuwa na jina la elimu, na alilitunza kama mtu anavyotunza kanzu yake ya Idi.

Kwa hiyo kaka yangu alipopata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza, katikati ya miaka ya tisini, baba alirefuka. Kaka alikuwa mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja. Alama zake zilikuwa za kupita tu, lakini alipita, akaenda, na kuanzia siku hiyo baba hakusema tena "mwanangu." Alisema "mwanangu aliyeko Uingereza."

Kiangazi cha kwanza kaka alikuja likizo mwezi wa saba, tende zikiwa zinawiva na joto limewafungia watu wote ndani. Mimi nilikuwa ndio kwanza nimemaliza sekondari, nasubiri matokeo. Aliingia na begi la nguo na maboksi matano ya chai. Chai ya vifuko, ile wanayokunywa watu wa kawaida kule, si ile ya mabati ya kung'aa wanayouziwa wageni. Boksi moja jekundu, moja la buluu, moja la kijani, moja la manjano, na la tano jeupe, la duka kubwa la karibu na chuo chake, ambalo alisema ndilo la wanafunzi kwa kuwa ni rahisi kuliko yote.

Mama alifungua lile jekundu, akatoa kifuko, akakigeuza huku na huku.

"Uzi wake uko wapi?"

Kaka akacheka. "Hazina uzi, mama. Wa nini? Wenyewe wanatumbukiza, wanaikandamiza kwa kijiko, khalas, wanatupa. Uzi ni wa mahotelini, na wa kutuuzia sie huku."

Vifuko tulivyovijua sisi, vya dukani Ibra, vyote vilikuwa na uzi mweupe na kikaratasi mwishoni. Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna watu wanakula wali bila chumvi. Kisha akachukua mkasi, akakata vifuko vinne, akamwaga majani yake yaliyosagika kwenye sufuria ya maziwa pamoja na hiliki na tangawizi, akachemsha mpaka ikapanda mara tatu. Ikatoka chai ya mama, ileile ya siku zote. Boksi lingeweza kuwa la sabuni, lisingebadilisha kitu.

Mimi sikukubali. Nikasema mtu hawezi kuletewa chai tano kutoka mbali hivyo akazizika zote katika hiliki. Siku ya pili baada ya alasiri nikatandika sufra sebuleni chini ya kiyoyozi, nikapanga glasi tano, nikabandika namba chini ya kila moja ili asijue mtu ipi ni ipi. Maji ya moto kutoka chupa ya chai, kifuko kimoja kila glasi, dakika nne kwa saa ya ukutani. Nikaonja kila moja bila maziwa kwanza, kisha na maziwa ya kopo kijiko kimoja. Nilikuwa na daftari langu la kemia la shuleni, kurasa za mwisho hazijaandikwa, nikaandika humo.

Ile nyekundu ilikuwa kali. Ilikamata pembeni mwa ulimi na kuuacha mkavu, na ukiitia maziwa ilikuwa rangi ya tofali na haikushindwa. Ya buluu ilikuwa laini, ina harufu ya majani makavu yaliyonyeshewa, lakini maziwa yaliizamisha. Ya kijani iliandikwa ubavuni kwamba ni maalumu kwa maji magumu, yale yenye chokaa, na nilicheka niliposoma, kisha nikaacha kucheka: glasi nyingine zote maji ya kisima chetu yalizitia utando juu, hii peke yake ilibaki safi. Ya manjano ilikuwa na rangi nyingi na ladha kidogo, nikaandika "msemaji." Nyeupe nikaandika "maji ya kuoshea sufuria."

Baba alionja zote kwa utaratibu, akafumba macho, akaichagua nyeupe. "Hii ndiyo chai ya watu," alisema. Nilipogeuza glasi tukaona ni ile ya wanafunzi, mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Na kaka, aliyekuwa akizinywa mwaka mzima, hakupata hata moja. Tukamcheka na yeye pia. Nakumbuka siku ile kwa uchungu hasa kwa sababu ilikuwa siku njema.

Yale maboksi yalipokaribia kwisha nikaweka vifuko vitatu vya kila aina katika chupa ya jamu, nikakaza kifuniko. Sikuwa na mapenzi na chai kiasi hicho. Nilitaka kujua ni kitu gani ndani ya jani kinachokausha ulimi, kwa nini maji ya kisima yanatia utando, kwa nini chai moja inayavumilia na nyingine haiyavumilii. Nilimwuliza mwalimu wangu wa kemia, akaniambia mambo hayo yanasomwa chuo kikuu. Basi nikataka chuo kikuu.

Mwezi wa nane matokeo yakatoka. Nilikuwa wa kwanza katika shule yetu ya wasichana. Nikapata ufadhili, Uingereza, kemia. Barua ilikuja na fomu ya walii, kwa sababu mimi ni msichana: baba atie saini kwamba ameridhia, na ataje maharimu wangu, ndugu wa kiume asiyeweza kunioa, atakayenipokea kule na kuwa msimamizi wangu. Barua ilisema nafasi inaweza kusubiri mwaka mmoja, mpaka mwisho wa mwezi wa nane unaofuata, basi.

Baba aliisoma fomu mara mbili. "Kaka yako yuko kule, alhamdulillahi," alisema. "Lakini anakaa na wanaume watatu nyumba moja. Mwache mwaka huu atafute nyumba yake. Akiniambia tu yuko tayari kukupokea, natia saini siku hiyohiyo." Akaitia fomu katika droo ya kabati lake, chini ya pasipoti.

Niliona ni haki. Wallahi niliona ni haki, na kaka alipoondoka nilimfungia tende za khalasi kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwaka ule nilikaa nyumbani. Nilisoma Kiingereza kwa kila kitu kilichokuwa na maandishi, pamoja na ubavu wa maboksi ya chai, ambayo mama hakuyatupa. Alitia humo vifungo na nyuzi za cherehani. Jumatano nilikwenda naye kwenye soko la wanawake, na kila mwanamke aliyetujua aliniuliza, "Lini unasafiri?" Nikajibu, "Kaka akipata nyumba, inshallah." Mjomba, ndugu yake mama, aliniambia hata yeye angeweza kunisindikiza. Kaka alipiga simu Ijumaa. Mwanzoni sauti ilikuwa mbali, inakwama, neno moja unalisikia mara mbili. Baada ya majira ya baridi sauti ikawa safi kama anapigia kutoka Samail, hapahapa Oman. Tukafurahi kwamba simu zimetengenezwa. "Bado natafuta nyumba," alikuwa akisema. "Subira kidogo."

Kiangazi cha pili alikuja mwisho wa mwezi wa saba. Alikuwa amenenepa, na amekuwa mkimya. Mama alimpokea mzigo, akaupeleka chumbani kwake mwenyewe na kufunga mlango. Jioni ile maboksi matano yalikuwa yamepangwa juu ya kabati la jikoni, jekundu, buluu, kijani, manjano, jeupe. Niliona kona ya lile jekundu imebonyea palepale ilipobonyea la mwaka jana. Sikulitilia maanani, nikapita.

Nilikuwa na mwezi mmoja na siku chache kabla nafasi yangu haijapotea. Nilimwuliza kaka kuhusu nyumba, akasema ngoja tuzungumze na baba. Nilimwuliza baba, akasema ngoja kaka yako apumzike. Nilikuwa nazunguka kati yao kama ng'ombe wa kinu, na bado sikushuku kitu.

Ijumaa baada ya alasiri baba akasema tufanye yale ya mwaka jana, glasi tano na namba. Nikainuka kwenda jikoni. Mama akanishika mkono. "Leo wewe kaa, mwanangu. Nitatia mimi." Nilishangaa, kwa kuwa mama aliuona mchezo ule ni wa kitoto, lakini nikakaa. Akaleta sinia, glasi zimeshajaa, vifuko vimeshatolewa.

Nikaonja namba moja. Nikaonja namba mbili. Nikarudi kwa moja.

Zilikuwa chai mbili tu katika glasi tano. Moja niliijua vizuri mno, maana ndiyo tuliyonunua dukani Ibra siku zote. Nyingine ilifanana na ile nyekundu bila nguvu zake: ilitoa rangi upesi, ikang'aa, na maziwa yakaimeza mara moja. Na glasi zote tano zilikuwa na utando. Hata ile ya maji magumu.

"Haya, mwenye ulimi," kaka alisema. "Tuambie."

Nikasema kichwa kinaniuma, naomba nipumzike. Watu walipotawanyika nikaichukua chupa yangu ya jamu, nikaenda jikoni, nikatia kifuko kimoja chekundu cha mwaka jana na kimoja kutoka boksi lililobonyea. Cha zamani kilikuwa kimepoteza harufu, ni kweli. Lakini kilikamata ulimi palepale pembeni. Kipya hakikukamata popote. Nikakitoa glasini nikakitazama, na juu yake, penye kikunjo, nikaona kijipande cha uzi mfupi kama kope.

Nikainua kifuniko cha ndoo ya taka. Chini ya maganda ya vitunguu kulikuwa na karatasi ya gazeti iliyokunjwa vizuri, na ndani yake nyuzi, mamia, kila moja na kikaratasi chake, na vikaratasi vimeandikwa upande mmoja Kiingereza na upande mmoja Kiarabu. Chini ya nyuzi kulikuwa na ubavu wa boksi uliochanwa, na bei ya madukani Dubai juu yake. Mkasi wa mama ulikuwa bado juu ya meza, umefunguka.

Nilisimama pale nikaelewa mambo mawili, moja baada ya jingine. La kwanza, kaka hakutoka Uingereza. La pili lilichukua muda kidogo kushuka: mama alikaa chumbani kwake na mlango umefungwa, akakata uzi mmoja mmoja, akavijaza vifuko katika maboksi ya mwaka jana, ili mimi nisijue.

Nikaenda kwa baba. Alikuwa chumbani kwake, anasoma gazeti. Nikaziweka nyuzi juu ya meza, kando ya kipochi cha miwani.

"Baba, kaka hakutoka Uingereza."

Alizitazama. Hakuuliza ni nini. Hapo ndipo roho yangu ilipopasuka, kwa sababu mtu asiyejua huuliza.

"Umemwonyesha nani?" alisema.

"Hakuna."

"Vizuri. Hivyohivyo."

Akaniambia yote, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea barua za ofisini. Kaka alifeli mwaka wa kwanza, akarudia mtihani, akafeli, chuo kikamtoa. Tangu majira ya baridi yuko Dubai, anafanya kazi katika ghala la mizigo la rafiki yake. Baba alijua tangu mwezi wa pili.

"Basi nitilie saini mimi niende," nilisema. "Mjomba atanisindikiza. Alishasema yuko tayari."

"Na pale penye jina la maharimu aliyeko kule?"

"Andika mjomba."

"Watauliza kwa nini si kaka yake. Kijana yuko palepale, msichana anasindikizwa na mjomba? Ofisini kwangu watauliza. Msikitini watauliza. Nimewaambia watu wote yuko kule." Akavua miwani. "Likitoka hilo, tumebaki na nini sisi hapa?"

"Na mimi je, baba?"

Alikunja zile nyuzi katika gazeti lake, taratibu, akaziweka kwenye kikapu chake mwenyewe. "Vipo vyuo hapahapa," alisema.

Kwa mama nilikwenda na hasira. Nilimwuliza, "Ulikuwa ukikata, unawaza nini?" Alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso. "Aibu ya kaka yako ni yetu sote, binti yangu," alisema. Nilimwambia basi shahada yangu nayo ingekuwa ya wote. Akazidi kuchambua. Kaka hakunitazama machoni siku zote zilizobaki, na aliporudi huko alikorudi, walimsindikiza kwa dua na kumtilia maji ya zamzam kwenye mzigo, kwa safari ya saa tano za gari.

Siku ya mwisho ya mwezi wa nane baba alikwenda kazini kama kawaida. Alirudi mchana na tikiti maji, akalipasua mwenyewe, akanikatia kipande cha katikati kisicho na mbegu. Nikala. Najichukia mpaka leo kwa kipande kile.

Wakanipeleka Nizwa, chuo cha ualimu. Kila Ijumaa jioni baba alinirudisha kwa gari kupitia Sinaw na Izki, akinisimulia habari za dunia, nami nikitazama milima. Nikawa mwalimu wa sayansi. Nilifundisha Izki miaka mingi, nikawafundisha watoto wa watu maji magumu ni nini na kwa nini yanaharibu birika, kwa kadiri kitabu kilivyoeleza, na mwanafunzi akiniuliza zaidi ya kitabu nilimwambia hayo yanasomwa chuo kikuu. Wawili kati yao walikwenda. Mmoja aliniandikia kadi kutoka kule, nikaipasua kisha nikaiunga kwa gundi, maana mtoto hakuwa na kosa.

Na kaka "alihitimu." Miaka minne ilipotimia alirudi, baba akachinja, mtaa mzima ukala. Hakuna aliyeomba kuona cheti. Nani anaomba cheti kwenye karamu? Akafungua biashara ya mizigo Maskati, ikaenda, akaoa Sur kwa watu wazuri. Kwenye mahari alipeleka masinia ya zawadi, na sinia moja lilikuwa la chai za Kiingereza, zimepangwa kama matofali na kufungwa utepe. Wanawake wa Sur wakatutilia chai hiyohiyo. Mama wa bibi harusi akasikia kwamba mimi ni mwonjaji, akaniambia, "Yalla, mwalimu, tuambie ipi nzuri. Si mlikuwa mnaletewa na bwana harusi mwenyewe kutoka kule?" Mbele yangu kulikuwa na glasi nne na nyuzi nne zinaning'inia. Mama alikuwa ameketi kando yangu, akauweka mkono wake juu ya goti langu, akaubonyeza.

"Zote nzuri, khala," nikasema.

Mama alifariki miaka mitatu baadaye. Karibu na mwisho aliniomba radhi, ile radhi ya jumla ambayo watu wanaombana, nilichokukosea kwa kujua na kwa kutojua. Nilimsamehe kwa jumla vilevile. Mkasi hakuutaja.

Halafu baba akapigwa na kiharusi, upande wa kushoto. Kaka alikuwa na biashara na watoto, na mimi sikuwa na mume. Posa zilikuja zikapita, na baada ya ugonjwa wa baba hazikuja tena. Nikaomba uhamisho, nikarudi Ibra, chumba changu kilekile. Daktari alimkataza maziwa, kwa hiyo kila siku baada ya alasiri nilimtilia chai ya rangi kwenye glasi. Vifuko alileta kaka kila Idi, maboksi makubwa kutoka maduka ya Maskati, na aliwaambia wanawe mbele yangu, bila kupepesa macho, kwamba hii ndiyo chai aliyokuwa akinywa babu yao wakati yeye anasoma Uingereza.

Nilikuwa naitia chai mbele ya baba. Natumbukiza kifuko, na ule uzi nauacha nje, upande wake yeye, kikaratasi kinaelekea machoni pake. Sikuukata hata siku moja, wala sikukitoa kifuko. Nilimkogesha, nilimvisha, nilimgeuza kitandani, nilimpa dawa zake kwa wakati, na kila alasiri nilimwekea uzi ule. Watu waliokuja kumtazama walisema nina radhi za wazazi wangu. Nilikuwa nikilipiza kisasi, nacho kilikuwa kitamu, na kilidumu mwaka mmoja na nusu.

Siku moja aliutazama uzi muda mrefu. Maneno yake yalikuwa mazito tangu kiharusi, yalitoka kwa upande mmoja wa mdomo, lakini akili ilikuwa nzima.

"Mama yako alikuwa akikata," alisema.

"Najua."

"Nilimwambia mimi akate."

Hilo sikulijua. Nikakaa.

"Unadhani niliogopa watu," alisema.

"Si ulinambia mwenyewe, baba? Ofisini watauliza, msikitini watauliza."

"Watu wangesema wiki mbili, wakanyamaza." Alipumzika, akameza mate. "Niliogopa utafaulu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwinamia.

"Wewe ungekwenda, ungerudi na shahada. Na yeye hana. Kila ukiingia mahali, wangemtazama yeye. Ndiye mwanamume, ndiye ataliacha jina langu kwa wanawe. Nikaona mmoja akae, kuliko mwingine adharauliwe na dada yake maisha yote." Jicho lake moja lilikuwa linatoa maji, lile la upande mbovu, lakini hilo lilitoa maji siku zote. "Ulimi wako ule. Nilijua tangu siku ya glasi tano kwamba utafaulu."

Zaidi ya miaka kumi nilikuwa nimejitayarisha kwa neno samahani, nimeshajipangia hata nitakavyolijibu. Hakulisema. Aliniambia kitu kingine, na alinisifu humohumo.

Kisha akainua mkono wake mzima, akaushika ule uzi, akauvuta ili aukate. Vidole havikuwa na nguvu. Kifuko kilipanda kidogo, kikarudi. Akajaribu tena, akanitazama.

Mkasi wa mama ulikuwa kwenye droo, hatua nne kutoka nilipokaa. Nikamtilia sukari, vijiko viwili kama anavyopenda, nikamkorogea, nikamshikia glasi mdomoni, na uzi nikauacha palepale, akanywa huku unamgusa kidevu.